Mchango wa mradi au mchango huru?

Mfadhili mkubwa akiuliza fedha zake ziende wapi, anayeongoza uchangishaji katika shirika la kutetea wanyama ana njia mbili. Ya kwanza ni kumpa mradi: banda jipya, gari la uokoaji, kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mradi humvutia upesi, maana picha ipo na ripoti haisumbui. Kasoro yake ni kwamba banda likishasimama bado linadai mshahara wa daktari wa mifugo, dawa na chakula cha kila siku, na hayo hakuna aliyeyaahidi.

Njia ya pili ni mchango huru, yaani fedha zisizofungwa na mradi wowote, ambazo shirika huzitumia panapohitajika. Huu hauna picha. Kuupata huchukua miezi ya kujenga imani, pengine miaka, lakini ndio unaolipa umeme. Mimi ningeanza na mradi, ila bajeti yake ibebe gharama za uendeshaji tangu mwanzo.