Akshaya Patra: Mlo wa Shuleni Kati ya Dini na Sera

Miongoni mwa huduma zinazounganisha mafundisho ya Kihindu na sera ya elimu nchini India, ile ya Akshaya Patra ndiyo rahisi zaidi kuipima, maana matokeo yake hukaa kwenye sahani ya mwanafunzi. Taasisi hiyo ilianzishwa Bengaluru mwaka 2000 na viongozi wa tawi la mji huo la ISKCON, jumuiya ya Kihindu ya waabudu wa Krishna, ikianza na watoto 1,500 wa shule tano, na sasa hulisha zaidi ya watoto milioni 2 kila siku ya masomo. Jina lake ni la chombo kisichoishiwa chakula ambacho, katika Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi, mungu Jua alimpa mfalme Yudhishthira alipokuwa uhamishoni. Chombo cha leo, hata hivyo, kinaitegemea serikali: tangu Mahakama ya Juu ilipoagiza mwaka 2001 kwamba wanafunzi wa shule za msingi za umma wapewe chakula kilichopikwa, nafaka hutoka katika ghala la taifa, serikali huchangia gharama za kupikia, na wafadhili huziba pengo linalobaki.

Kwa uendeshaji, huduma hii inastahili sifa. Wali na sambar, yaani mchuzi wa mbaazi, mboga na ukwaju, hupikwa kwa mvuke katika masufuria makubwa mno. Kaskazini, ambako ngano ndiyo chakula kikuu, zipo mashine zinazotoa hadi chapati 40,000 kwa saa. Mpango wa taifa unataka mlo uwe na kalori 450 na gramu 12 za protini kwa madarasa ya chini, na kalori 700 na gramu 20 kwa madarasa ya juu.

Tatizo ni kile kisichopikwa. Kwa kufuata fundisho la sattva, yaani chakula kinacholeta usafi na utulivu wa nafsi, jiko hili halitumii nyama, mayai, kitunguu maji wala kitunguu saumu. Wanaharakati wa haki ya chakula walilalamika huko Karnataka, jimbo lenye mji wa Bengaluru, kwamba watoto hawafurahii chakula kisicho na ladha waliyoizoea, nayo taasisi ikajibu kwamba viwango vya lishe vinatimizwa. Tuseme vinatimizwa; bado swali la nani anayechagua linabaki. Katika maandiko matakatifu ya Kihindu, sura ya 17 ya Bhagavad Gita inagawa vyakula katika makundi matatu bila kukitaja kitunguu, na Taittiriya Upanishad inaagiza kwamba chakula kisidharauliwe. Mtawa ana haki ya kujinyima, lakini mtoto wa Kidalit, yaani wa jamii zilizowekwa chini kabisa ya matabaka ya Kihindu, au wa Kiislamu anayekula yai nyumbani kwao hakuweka nadhiri hiyo, na nafaka iliyo mbele yake imelipiwa na umma wote.

Jiko kuu, yaani moja linalopikia shule nyingi, huwakosesha pia kazi wanawake wa vijijini, ambao kwa kawaida ndio wapishi wa mpango huu. Na katika nchi ambako wazazi wengine wamewahi kukataa chakula kilichopikwa na mwanamke wa Kidalit, watoto wa matabaka yote kula mapishi yake ni somo lisilopatikana vitabuni. Wilayani Baran, Rajasthan, taasisi hii hii hutumia vikundi vya wanawake wanaopika karibu na shule. Ningependa utaratibu huo uenezwe, na yai litolewe kando na shule yenyewe, kama inavyofanyika Karnataka, ambako asiyekula yai hupewa ndizi.