Seva ya kuhifadhi kazi za studio: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Kamera moja ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kila saa. Peleka kamera mbili harusini, kila moja irekodi saa mbili tu, na Jumamosi hiyo peke yake imekuachia gigabaiti 180. Harusi 40 kwa mwaka ni zaidi ya terabaiti 7, na hapo hujahesabu kicheni pati, kipaimara wala maulidi.

Studio nyingi ninazozijua hapa Dar huweka kazi hizo kwenye diski za nje zilizopangwa kabatini, kila moja imebandikwa plasta: "Juni–Agosti", "Mchanganyiko", "USIFUTE". Bibi harusi anarudi baada ya miaka minne akitafuta sauti ya marehemu baba yake alipokuwa anatoa nasaha, na siku hiyo ndiyo diski inaanza kulia tik, tik, tik.

Nimewafungia seva watu wa namna hiyo kwa miaka kadhaa: studio, redio ya jamii, ofisi moja ya wapima ardhi. Karibu wote huanza kwa kuniuliza kasi. Kasi kwenye kumbukumbu si kitu. Waya wa kawaida wa mtandao wa gigabiti moja unahamisha hizo gigabaiti 180 ndani ya nusu saa, muda wa kunywa chai na chapati. Maswali yenye uzito ni mawili. Je, mashine itajua faili likioza kimyakimya, bila diski kufa? Na nakala nyingine iko nyumba gani? Orodha hii nimeipanga kwa majibu ya maswali hayo, bei ikija nyuma yake.

1. Kompyuta ya ofisi ya mtumba, ndani yake TrueNAS

Hili ndilo chaguo langu kwa mtu mwenye terabaiti 5 hadi 20. TrueNAS ni mfumo wa bure unaogeuza kompyuta kuwa ghala la mafaili, na unatumia ZFS, mfumo wa mafaili uliozaliwa kampuni ya Sun Microsystems na kutolewa kwa umma mwaka 2005. ZFS huandika namba ya uhakiki kwa kila kipande cha data. Ikisoma kipande na namba isilingane, inajua kimeharibika. Na kama kuna diski pacha, yaani yenye data ileile, inachukua kipande kizima kutoka huko na kurekebisha kile kibovu. Kompyuta ya kawaida yenye Windows ingekupa video yenye mistari ya kijani bila kusema neno.

Unapokwenda Kariakoo kutafuta, chukua keisi ndefu ya kusimama. Zile nyembamba za kulaza mezani ni nzuri kwa mhasibu, lakini nyingi zina nafasi ya diski kubwa moja tu. Fungua kifuniko dukani, usione haya. Hesabu matundu ya SATA kwenye bodi, yale ya kuchomeka diski: yawe manne au zaidi. Hesabu pia waya za umeme za diski, maana HP na Dell hupunja hapo, na pawa saplai zao nyingi zina umbo lao wenyewe, kwa hiyo hubadilishi kirahisi. Muuzaji atakupa kigeuzio cha kutoka plagi ya zamani ya Molex kwenda SATA. Vile vyenye kichwa cha plastiki kilichomiminwa kwa pamoja vikatae, vina sifa ya kupiga shoti na kuungua. Kama huna budi, tafuta chenye kichwa cha kubana waya mmojammoja.

Ramu iwe gigabaiti 8 kwa uchache, na 16 ukiweza. Ukipata mashine inayokubali ramu ya ECC, ile inayosahihisha makosa yake yenyewe, ichukue: HP MicroServer Gen8 iliyotoka 2013 bado inafaa sana, ina nafasi nne za diski na haizidi ukubwa wa katoni la soda. Lakini usiache kufunga seva kwa sababu ya kukosa ECC. Nimesikia mafundi wakibishana juu ya hili hadi chai inapoa, na wakati huo kazi za mteja ziko kwenye flashi.

Mfumo wenyewe uufunge kwenye SSD ndogo ya peke yake. Kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja, kama mashine imekuja nayo, ing'oe. ZFS inataka kuziona diski moja kwa moja.

Mpangilio wangu ni huu. Diski mbili zinazofanana ukubwa ziwe pacha. Ubanaji wa lz4 uwashwe, na ukubwa wa rekodi uwe 1M kwa sababu video ni mafaili makubwa. Kisha gawa ghala mara mbili: sehemu ya "mapokezi", ambako wahariri wanaandika, na sehemu ya "kumbukumbu", ambako wanasoma tu. Kazi ikikamilika, msimamizi mmoja ndiye anayeihamisha. Mgawanyo huu umeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote nilichonunua, maana hatari kubwa studioni ni kijana mwenye haraka saa nane usiku anayetafuta nafasi.

Weka snapshoti za kila siku zikae siku 30, na za kila mwezi zikae mwaka. Snapshoti ni hali ya mafaili ilivyokuwa saa fulani. Haili nafasi mpaka kitu kibadilike au kifutwe. Weka skrabu mara moja kwa mwezi, ndiyo kazi ya kupitia data yote na kuhakiki zile namba. Weka pia jaribio refu la SMART, ambalo diski inajipima afya yake yenyewe, kwa kila diski. Halafu hakikisha barua pepe ya tahadhari inafika kwenye simu ya mtu anayesoma barua pepe. Niliwahi kukuta seva imetuma onyo kwa miezi mitano kwa anwani ya mfanyakazi aliyekwisha acha kazi.

Umeme: mashine ya wati 40 ikiwaka mfululizo inakula kama yuniti 29 za LUKU kwa mwezi. Zile seva kubwa za kupanga kwenye reki, zinazouzwa kwa bei ya kutupwa, zinaweza kula wati 150, yaani yuniti 108, na zinavuma kama mashine ya kusaga. Bei ya kuinunua ni mtego.

2. Boksi la diski mbili la kiwandani

Kama hakuna fundi karibu, au hutaki kuitwa fundi, nunua boksi la Synology au mfano wake. Ni dogo, lina kelele kidogo, linakula wati 15 hadi 20, na mwanzo wake ni kubonyeza tu. Kwa nini basi nimeliweka la pili? Ni ghali kwa kile lilichobeba ndani, na bodi yake ikifa unatafuta boksi la jamaa ileile. Zaidi ya hayo, unakuwa mgeni kwenye nyumba ya mtu. Mwaka 2025 Synology ilitangaza kuwa modeli zake mpya za Plus zitataka diski ilizoziidhinisha yenyewe. Wanunuzi wakapiga kelele, na Oktoba mwaka huohuo ikalegeza. Imelegeza, lakini umeona nani ana ufunguo.

Ukilinunua, hakikisha modeli inakubali Btrfs, mfumo wa mafaili wenye namba za uhakiki kama ZFS. Kisha, unapounda folda ya pamoja, kuna kisanduku cha kuwasha uhakiki wa data. Watu hukiruka. Bila alama hiyo, boksi lako haliwezi kuyatambua mafaili yako yaliyooza, hata kama ndani kuna Btrfs. Panga pia kazi ya usafi wa data kila mwezi au miezi miwili.

Na usilifungulie mlango wa intaneti. Januari 2022 virusi vya kudai fidia vilivyoitwa DeadBolt vilifunga mafaili kwenye maboksi ya QNAP yaliyokuwa yanaonekana mtandaoni. Miezi saba kabla, Juni 2021, wenye WD My Book Live waliamka na kukuta diski zao zimefutwa kutoka mbali. Mteja akitaka kuona video akiwa Muscat au Minnesota, mpakie nakala mahali pengine. Ghala libaki ndani ya geti.

3. Diski mbili za nje, kwa zamu

Nimeziweka juu ya wingu, ile hifadhi ya kukodi mtandaoni, na juu ya mikanda, na wajuzi watanicheka. Lakini mtu mwenye terabaiti 3 na bajeti ya mkia wa mbuzi yuko salama zaidi na diski mbili za nje zenye kazi zilezile, moja studio na nyingine nyumbani kwa dada, kuliko kuwa na seva moja nzuri peke yake. Sharti ni kuzibadilishana kila mwezi na kuzipitia. Orodha ya namba za uhakiki inatengenezwa na programu za bure; iandike mara moja, iendeshe kila baada ya miezi sita.

Na hata ukichukua namba 1 au 2, diski ya namna hii bado unaihitaji. Diski pacha zinakukinga pale moja inapokufa. Mwizi akibeba boksi zima, au maji ya mvua yakiingia, mapacha wanakwenda pamoja.

4. Wingu

Bei zinavutia: mwaka 2025 Backblaze B2 ilitoza dola 6 kwa terabaiti kwa mwezi, na Amazon ina ngazi iitwayo Glacier Deep Archive ya kama dola moja. Ukubwa wa kazi ndio tatizo. Terabaiti 4 kwenye intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde zinachukua siku 37, usiku na mchana, umeme usikatike. Ile ya dola moja ina masharti yake: unalipia siku 180 hata ukifuta kesho, kuyarudisha mafaili kunachukua saa kadhaa hadi siku mbili, na kuyatoa nje ya Amazon kunalipiwa pembeni. Itumie kwa video zilizohaririwa tayari, ambazo ni ndogo, na zifunge kwa nywila kabla hazijatoka. Ghafi ziache nyumbani.

5. Mikanda ya LTO

Hii ni mikanda ya sumaku ya kuhifadhi data. Kituo cha televisheni chenye terabaiti mamia, hapo ndipo mahali pake. Mkanda wa LTO-9 unabeba terabaiti 18 na hauli umeme ukiwa rafuni. Mashine ya kuusoma ndiyo inayomaliza hela, na vizazi havisomani milele: mashine ya LTO-8 haisomi mkanda wa LTO-6. Tena mikanda ya kukaa muda mrefu inataka chumba chenye unyevu usiozidi asilimia 50. Mtu wa Dar, Tanga au Mombasa anajua hiyo maana yake ni kiyoyozi kisichozimwa.

Flashi na SSD sikuzipa hata namba. Zinashika data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja kifaa kikikaa bila kuchomekwa, haraka zaidi kwenye joto. Ile flashi ya "terabaiti 2" kwa bei ya sahani ya chipsi kuku ina gigabaiti chache ndani na uongo uliobaki.

Diski zenyewe

Hapa ndipo pesa inaibiwa. Tafuta diski za CMR, zinazoandika mistari ya data bila kulaliana. Zile za SMR huandika mistari ya data ikilaliana kama vigae vya paa, na kubadilisha kigae kimoja ni kufumua vya jirani. Seva inapojenga upya diski iliyokufa, SMR inaweza kuburuza kwa siku nyingi au kutolewa kwenye kundi kabisa. Mwaka 2020 iligundulika kuwa baadhi ya WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila wanunuzi kuambiwa. Leo Red Plus na Red Pro ni CMR. Seagate IronWolf na Toshiba N300 nazo ni CMR.

Kisha soma diski imewaka saa ngapi. Mimi niliuziwa diski mbili "mpya, za kwenye nailoni" katika duka moja la mjini. Nilipozichomeka, SMART ikasema saa 26,000, miaka mitatu ya kuwaka bila kulala. Muuzaji akaniambia ni saa za kiwandani. Siku hizi hata namba hizo huchezewa: mapema 2025 zilizagaa Ulaya diski za Seagate zilizotumika, saa zikiwa zimerudishwa sifuri. Seagate huweka kumbukumbu nyingine iitwayo FARM, na amri ya `smartctl -l farm /dev/sda` inaisoma, ukitaja jina la diski yako. Namba hizo mbili zipishane kidogo tu. Uliza pia dhamana inahudumiwa wapi. Diski iliyopitia Dubai huenda dhamana yake imebaki hukohuko.

Mtumba wa kweli, uliotajwa kuwa mtumba, mimi sina ugomvi nao. Ninanunua kwa bei yake na kuongeza nakala.

UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, ni lazima, yenye waya wa USB wa kuiambia seva izime yenyewe betri ikikaribia kwisha. Bila waya huo umenunua dakika kumi za kutazama ajali ikija.

Pesa ikija kwa awamu, anza na diski mbili na mashine ya mtumba, mwezi unaofuata UPS, halafu diski ya tatu. Hiyo ya tatu mteja wangu mmoja huipeleka kwa mama mkwe wake Morogoro, ndani ya kopo la biskuti lenye vifuko vya kukaushia unyevu. Kila baada ya miezi mitatu anaifuata, anaichomeka, anachagua harusi moja bila mpango, na kuitazama dakika kumi mpaka asikie sauti.