Kozi fupi ya imunolojia: maabarani au kwa intaneti?

Daktari wa Kisumu anayetaka kusoma kozi fupi ya imunolojia, yaani elimu ya kinga ya mwili, ana njia mbili: kuhudhuria mafunzo ya maabarani, au kufuata mihadhara kwa intaneti huku akiendelea na kazi. Kwa upande wa nadharia, intaneti inatosha kabisa, kwani namna seli B (aina ya chembe nyeupe za damu) zinavyotengeneza kingamwili, yaani protini zinazopambana na vimelea, au sababu ya kinga ya malaria kufifia mtu anapohamia eneo lisilo na ugonjwa huo, ni mambo yanayoeleweka vyema mhadhara unaporudiwa baada ya zamu.

Maabara, hata hivyo, hufundisha mkono. Ili kutenga seli za kinga, damu iliyozimuliwa humiminwa polepole juu ya kimiminika kizito zaidi, mrija ukiwa umeinamishwa, kisha huzungushwa kwa mashine mpaka utando mwembamba mweupe ujitokeze chini ya plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu. Anayemimina kwa pupa huchanganya vyote viwili, na hakuna video itakayomsahihisha papo hapo. Katika eneo letu, ambako chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilifanyiwa majaribio Siaya na Kombewa kabla ya kuanza kutolewa kwa watoto mwaka 2019, ujuzi huo unahitajika sana. Mwanasayansi ningemshauri achague maabara bila kusita, ijapokuwa gharama yake ni kubwa. Daktari wa wodini aanze na intaneti, mradi kozi iwe na mwalimu anayejibu maswali.