Thamomita ya 350 kutoka chemisti ya Kondele
Nimekaa na hii thamomita ya dijitali miezi minne sasa, niliinunua 350 kwa chemisti moja hapa Kondele, Kisumu, na imesaidia nyumba yangu sana. Bwanangu akishikwa na homa kidogo tu anajifunika blanketi mpaka kichwa, anasema ni malaria, mwili unawaka moto, anaenda kufa, mimi naacha mboga zangu sokoni Kibuye narudi mbio, kisha tunanunua dawa za malaria anameza bila kupimwa, na hiyo si poa hata kidogo. Siku hizi namwekea kwa kwapa nangoja ilie, inasoma 36.8, namwonyesha, ananyamaza halafu anaomba uji. Simkasirikii, najua anataka tu mtu akae karibu, uji namkamulia ndimu.

Lakini mwezi jana ilisoma 38.9. Usiku huo huo tukaenda kliniki, akadungwa kidole, dakika kama 20 hivi wakasema ni malaria kweli. Niliumia roho juu nilikuwa nishaanza kutomwamini. So mjue hii kitu inapima joto tu haipimi malaria, na joto ya malaria hupanda na kushuka, ikisoma sawa asubuhi na bado anatetemeka pima tena jioni ama mpeleke tu apimwe.

Shida yake ni mlio, ni mdogo sana, redio ikiwa juu husikii.