Miaka mitatu na uso wa enameli mkononi: uzoefu wangu

Saa yenyewe ni Seiko Presage, uso mweupe wa enameli wenye namba za Kirumi, kipenyo milimita 40.5. Nimeivaa karibu kila siku kwa miaka mitatu. Mtambo wake hujijaza kwa mwendo wa mkono, na ukishajaa unaweza kwenda saa 50 bila kuvaliwa. Kuhusu mtambo naishia hapo. Mimi nilinunua uso.

Nianze na weupe wake, maana picha za mtandaoni hazikunitayarisha. Si weupe wa karatasi wala wa rangi ya ukutani. Ni kama maziwa yaliyotulia kwenye bakuli. Asubuhi, nikisimama karibu na dirisha, nuru haigongi juu na kurudi. Kwanza inazama kidogo, ndipo inarudi ikiwa imelainika. Nikiinamisha mkono naona kingo za uso zikishuka taratibu, na kuzunguka kidirisha cha tarehe enameli imejikusanya kama tone la maji linalokaribia kudondoka. Uso huu haukunyooka kama sahani ya chapa ya kiwandani, na ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Kabla ya hii nilikuwa na nyingine, nayo iliuzwa kwangu kwa jina hilohilo la enameli. Mwaka haukuisha, weupe wake ukaanza kugeuka njano. Nilipoipeleka kwa fundi saa, aliifungua, akaweka lenzi jichoni na kuniambia kuwa ule ulikuwa utomvu wa plastiki uliogandishwa, aina ambayo wauzaji huiita enameli baridi. Iliniuma, lakini ndiyo iliyonifanya niketi na kujifunza enameli hasa ni kitu gani.

Enameli ni kioo. Ni jamaa ya ile inayofunika vikombe vya bati unavyovijua. Kioo husagwa kikawa unga, kikatandazwa juu ya bamba la chuma, shaba, fedha au dhahabu, kisha bamba likaingizwa tanurini kwenye joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi mpaka unga uyeyuke na kushikamana nalo. Hutolewa, hupoa, huongezwa tabaka, hurudi motoni. Wafaransa huuita mtindo huu moto mkubwa. Hapa ndipo penye roho ya kazi yenyewe, kwa sababu bamba na kioo havinywei sawasawa vinapopoa. Ndiyo maana mafundi hupaka enameli hata mgongoni mwa bamba, mahali ambapo mvaaji hatapaona kamwe. Bila enameli hiyo ya mgongoni, bamba hupinda na kioo hupasuka. Na punje moja ya vumbi ikiingia kati ya tabaka, hutokea doa au kitundu, na kazi ya siku nzima huenda bure. Nyuso za enameli za Presage husimamiwa na fundi Mitsuru Yokosawa, na mimi nikitazama saa yangu naona mkono wa mtu, si wa mashine.

Kuna historia pia. Laurel ya Seiko ya mwaka 1913, saa ya kwanza ya mkononi kutengenezwa Japani, nayo ilikuwa na uso wa enameli.

Baada ya weupe nilinaswa na rangi. Kobalti hutoa bluu, shaba hutoa kijani na feruzi, dhahabu yenyewe ikichanganywa kwenye kioo hutoa wekundu wa yakuti, na oksaidi ya bati ndiyo inayofanya kioo kiwe cheupe kisichoonyesha upande wa pili. Kwa kuwa rangi imo ndani ya kioo, jua haliwezi kuinyonya kama linavyofanya kwenye kitambaa. Nina kijagi kidogo cha kloisone ambacho hukaa mezani pangu. Fundi huinamisha nyuzi nyembamba za metali kufuata mchoro, anazibandika juu ya jagi, kisha anajaza enameli kwenye kila kijumba na kuchoma. Wachina huiita kazi hii jingtailan, yaani bluu ya Jingtai, kwa jina la mfalme wa nasaba ya Ming aliyetawala katikati ya karne ya 15.

Hata hivyo, nikiambiwa nichague aina moja tu, naacha nyuzi na kuchukua enameli angavu juu ya metali iliyochongwa mistari. Mistari huonekana chini ya kioo kama mawimbi chini ya maji, na ukigeuza chombo mawimbi nayo yanahama. Karakana ya Fabergé, sonara wa wafalme wa Urusi, ilibobea sana katika kazi hiyo. Lakini yai lake la kwanza la kifalme, pambo la mwaka 1885, kwa nje ni jeupe tupu, enameli iliyofanywa ifanane na ganda la yai la kuku, na kiini cha dhahabu kimefichwa ndani. Nikiutazama uso wa saa yangu, huwa nalikumbuka ganda hilo.

Kwa anayetaka kununua: muulize muuzaji waziwazi kama uso umechomwa tanurini. Akijibu kwa maneno ya kuzunguka, ondoka. Tazama kwa lenzi pembeni mwa uso na kwenye matundu ya akrabu na tarehe, kwa kuwa nyufa nyembamba kama unywele huanzia huko. Usiichukulie kama ya kuchezea mpira. Kioo hakisamehe kishindo, na ufa ukishaingia hakuna kuurudisha motoni bila kuhatarisha kila kilichochorwa juu yake. Kama unafanya kazi za nyundo na mashine zinazotikisa, hii isiwe saa yako ya kila siku.

Mkanda wa ngozi nimeshaubadilisha mara mbili, na kioo cha juu kina mkwaruzo mdogo karibu na saa nane. Uso uko vilevile kama siku niliyoutoa kwenye kisanduku.