Kadi ya michoro ya laptopu ya kazi nzito: ipi uitafute kwanza, ipi uiache

Laptopu mbili zinaweza kubandikwa jina moja la kadi, tuseme NVIDIA RTX 2000 Ada, zikauzwa kwa bei zinazokaribiana, na bado moja ikamaliza kurenda, yaani kugeuza modeli kuwa picha au video kamili, wakati nyingine ingali inahema. Hakuna aliyedanganya. NVIDIA inaruhusu kadi hiyo ilishwe umeme kuanzia wati 35 hadi wati 140, na anayeamua ni mtengenezaji wa laptopu, kulingana na unene wa mashine na nguvu ya feni zake. Ndiyo maana kabla ya kuuliza jina la kadi, mimi ningeuliza ina memori ya GB ngapi na imepewa wati ngapi.

Memori naitanguliza kwa sababu haiongezwi. Zamani laptopu kubwa za kazi zilikuwa na kadi za MXM zilizoweza kuchomolewa. Siku hizi chipu na memori yake huchomelewa kwenye bodi moja kwa moja. Diski utabadilisha, RAM mara nyingi utaongeza, lakini kadi iliyozaliwa na GB 8 itakufa na GB 8 zake. Tena kadi ikiishiwa memori haichoki taratibu. Mzigo unamwagikia kwenye RAM ya kompyuta, ambako kadi inaufikia polepole mno, na kazi ya dakika chache inageuka ya kwenda kulala. Au programu inagoma na kujifunga.

Majina nayo yana mitego yake. Mwaka 2020 NVIDIA ilianza kuliacha jina la Quadro, lililokuwa la kadi zake za kitaalamu. Zikaja RTX A1000, A2000 hadi A5000, kisha mwaka 2023 familia ya Ada, na Machi 2025 zikatangazwa RTX PRO za kizazi cha Blackwell. Sasa angalia: RTX 4000 Ada haimo katika mfululizo wa RTX 40 wa GeForce, yaani kadi za gemu za NVIDIA, na RTX 5000 Ada haimo katika kizazi cha GeForce RTX 50, ingawa namba inakufanya udhani hivyo. Wapo wauzaji wasioijua tofauti hii. Wapo pia wanaoijua vizuri sana.

Ya kitaalamu au ya gemu?

Ukiondoa majina, chipu ni zilezile. RTX 2000 Ada ya laptopu ina viini 3,072 vya CUDA, vile vinavyofanya hesabu za kadi, sawa na GeForce RTX 4060 ya laptopu. RTX 4000 Ada ina viini 7,424, sawa na RTX 4080 ya laptopu, na RTX 5000 Ada ina 9,728, sawa na RTX 4090 ya laptopu. Basi ile pesa ya ziada inalipia nini? Inalipia draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, na cheti.

Kampuni zinazotengeneza programu za usanifu wa kihandisi kama SOLIDWORKS, CATIA, Siemens NX na Creo huzijaribu mashine pamoja na kadi na toleo mahususi la draiva, kisha huchapisha orodha ya zilizoidhinishwa. Draiva za kitaalamu hutengenezwa zikilenga programu hizo, na tofauti inaonekana ukizungusha muunganiko wenye maelfu ya vipande: mistari haipotei, kuchagua ukingo hakuchelewi. Ukiwa na hitilafu ya michoro na mashine yako haimo kwenye orodha, msaada wa kiufundi unaweza kuishia hapohapo. Kwa mhandisi anayelipwa kwa siku, cheti hicho kina thamani.

Kwa wengine hakina. Blender ya michoro ya pande tatu haijali, DaVinci Resolve ya video haijali, Unreal Engine ya gemu haijali. Hata hoja ya rangi za biti 10, zenye ngazi nyingi zaidi, katika programu zinazoiagiza kadi ichore kwa njia ya OpenGL, hoja ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa inawasukuma wapiga picha kununua Quadro, ilipungua nguvu mwaka 2019 NVIDIA ilipoifungulia GeForce kupitia draiva za Studio. Anayehariri video akinunua kadi ya kitaalamu kwa sababu tu ya neno "kitaalamu", amelipia cheti ambacho programu yake haikiulizi.

Sasa nizipange.

Nafasi ya kwanza: kadi za GB 12

Hapa ndipo pesa inapofanya kazi vizuri zaidi. Katika kizazi kipya ni RTX PRO 3000 Blackwell. Katika kilichopita ni RTX 3500 Ada. Usiyehitaji cheti, tafuta GeForce RTX 5070 Ti, au RTX 4080 ya laptopu kama bado ipo dukani. GB 12 zinabeba mandhari ya Blender yenye maumbile ya kawaida bila kupunguza ukubwa wa picha zinazovikwa maumbo kama ngozi, zinabeba video ya 4K yenye tabaka kadhaa za kusafisha kelele za picha, na zinaendesha modeli ya lugha (akili bandia ya kuandika) ya vigezo bilioni 14 iliyobanwa hadi biti 4, ambayo peke yake hula GB 8 au 9. Kadi ya GB 8 inaishiwa palepale.

Mtego ulio hapa unawanasa wengi: RTX 3000 Ada ina GB 8 tu. Ni 3500 ndiyo yenye 12. Wakati huohuo PRO 3000 ya Blackwell ina 12. Namba moja, vizazi viwili, memori tofauti. Muuzaji akisema "ni RTX 3000", mwombe jina zima.

Nafasi ya pili: GB 8 zenye cheti

RTX 2000 Ada na RTX PRO 2000 Blackwell ni kadi za wasanifu majengo, wahandisi wa mitambo na wapima ardhi. Kama siku yako yote iko ndani ya AutoCAD, Revit au SOLIDWORKS, kadi kubwa zaidi itakaa bure, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya programu hizo, hasa kujenga upya modeli baada ya kubadilisha kipimo, hufanywa na kiini kimoja cha prosesa. Mtu wa Revit anayehamisha bajeti kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kadi anajichelewesha kwa hiari yake. RTX PRO 1000 ya Blackwell nayo ina GB 8, na ukiipata kwa bei ya chini kwa kazi ya CAD tupu (uchoraji wa kihandisi kwa kompyuta), ichukue bila wasiwasi.

Nafasi ya tatu: kutokuwa na kadi kabisa

Nafasi hii miaka mitatu iliyopita nisingeiandika. AMD Ryzen AI Max+ PRO 395, chipu ya mwaka 2025, ina viini 16 vya prosesa na michoro ya Radeon 8060S ndani ya kipande kimoja, vyote vikichota kwenye RAM moja inayofika GB 128. Kwenye Windows, hadi GB 96 kati ya hizo zinaweza kutengwa kwa ajili ya michoro. HP iliiweka kwenye ZBook Ultra G1a, mashine ya inchi 14. Modeli ya lugha ya vigezo bilioni 70 iliyobanwa hadi biti 4 inahitaji takriban GB 40. Haiingii kwenye kadi yoyote ya laptopu ya NVIDIA, lakini humo inaingia. Itakwenda polepole, ndiyo, ila itakwenda.

Kwa nini basi isiwe ya kwanza? CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kuendeshea hesabu za programu kwenye kadi zake tu. Programu inayodai CUDA haitafanya kazi humo, na bado ziko nyingi katika kurenda, uigaji wa kihandisi na ujifunzaji wa mashine. Pia RAM imechomelewa, hivyo unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachobaki nacho. MacBook Pro zenye chipu za Max zinaangukia hapahapa, kwa faida zilezile na kikwazo kilekile, pamoja na cha ziada: SOLIDWORKS, Revit na 3ds Max hazina toleo la macOS. Kwa wahariri wa video lakini, hiyo si hoja, na wengi wao hawatajuta.

Nafasi ya nne: GB 16 hadi 24

RTX 5000 Ada ina GB 16, RTX PRO 4000 Blackwell ina 16, na RTX PRO 5000 Blackwell ina 24. Upande wa gemu, RTX 5080 ya laptopu ina 16 na 5090 ina 24. Ni kadi kali, na kama unarenda au kuiga mtiririko wa hewa ukiwa safarini, mbele ya mteja, basi kwako zinapanda hadi nafasi ya kwanza. Nimezishusha kwa sababu wengi wanaozinunua huishia kuziacha mezani zikiwa zimechomekwa ukutani, na mezani kompyuta ya kawaida ingewapa zaidi kwa pesa hiyohiyo. RTX 4090 ya laptopu, kwa mfano, hutumia chipu ndogo kuliko ile ya RTX 4090 ya mezani, ikiwa na GB 16 badala ya 24.

Ukiamua kuinunua, inunue kwenye mwili mnene: ZBook Fury, ThinkPad P16, au Dell Precision za mfululizo wa 7000, ambazo warithi wake walikuja mwaka 2025 kwa jina la Dell Pro Max. Kadi ya juu kabisa ndani ya laptopu nyembamba ni farasi wa mbio aliyefungwa kwenye zizi. Inakatwa wati mpaka inakaribiana na kadi ya chini yake, wewe ukiwa umelipa bei ya juu.

Nafasi ya mwisho: GB 4 na 6

RTX 500 Ada ina GB 4, RTX 1000 Ada ina 6. Michoro ya pande mbili, modeli ndogo, skrini mbili za nje. Nje ya hapo, ziache.

Yanayoizunguka kadi

Prosesa za Intel zenye herufi H mwishoni zinatosha kwa CAD. HX ni za anayerenda kwa prosesa au anayetaka sloti nne za RAM, nazo zinakula umeme na betri haidumu. Wahariri wa video wana jambo lao la kipekee. Kamera nyingi za kisasa hurekodi kwa mfumo wa 4:2:2 wa biti 10, unaohifadhi rangi nyingi zaidi, na kadi za NVIDIA zilizotangulia Blackwell haziwezi kuusoma kwa vifaa vyake, ilhali michoro ya ndani ya Intel inaisoma HEVC (aina ya video iliyobanwa) ya mfumo huo kupitia Quick Sync, sehemu yake ya kusomea video. Kwa hiyo laptopu yenye RTX 4080 na prosesa ya AMD inaweza kukwamakwama kwenye video ambayo mashine ya bei nafuu yenye Intel inaicheza laini. Ukiwa na kadi ya Blackwell, tatizo hilo halipo tena.

RAM: GB 32 ndiyo chini, 64 ndiyo starehe. Chunguza kama ina sloti au imechomelewa. Kuna pia CAMM, aina nyingine ya kipande cha RAM, iliyoletwa na Dell kwenye Precision 7670 mwaka 2022, na mtoto wake LPCAMM2 uliotumika kwenye ThinkPad P1 Gen 7. Vyote hubadilishwa, ila kipande chake si cha kupatikana kila duka.

Chaja usiisahau. USB-C ya zamani huishia wati 100, mpya hufika 240, na mashine yenye kadi ya wati 140 pamoja na prosesa ya HX ikichomekwa kwenye chaja ndogo itapunguza kasi au itakula betri huku imechomekwa. Kwenye betri peke yake kadi zote hizi hushuka sana. Usinunue kwa kutegemea vinginevyo. Kioo: kama rangi ni kazi yako, taka kinachofunika DCI-P3, kipimo cha rangi za sinema, yote au karibu yote, la sivyo sRGB kamili, kipimo cha kawaida, inatosha.

Ukinunua iliyotumika

Kwenye mitumba ndiko kuna laptopu za kazi nzito zenye thamani kubwa, kwa kuwa makampuni huziuza zikiwa bado nzima. Lakini mpaka upo. Quadro za mfululizo wa M na P, za vizazi vya Maxwell na Pascal, zimefikia tawi lao la mwisho la draiva, la 580, na CUDA 13 ya mwaka 2025 imeziacha nje. Windows 10 nayo iliondolewa msaada Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache za kizazi cha 7. Anzia kizazi cha Turing, yaani mashine za 2019 kwenda mbele. Hata humo, Quadro T1000 na T2000 hazina viini vya kufuatilia miale ya mwanga, vinavyoharakisha kurenda. Quadro RTX 3000 hadi 5000 zinavyo. Quadro RTX 5000 ya laptopu ina GB 16, na ikiwa bei ni nzuri, inazishinda kwa memori kadi nyingi mpya za GB 8.

Iwe mpya au ya mitumba, kabla ya kulipa fungua paneli ya NVIDIA, ingia kwenye taarifa za mfumo, na usome kikomo cha juu cha wati za kadi. Isipoonyeshwa hapo, programu ya GPU-Z au amri ya nvidia-smi itakusaidia. Kisha renda kitu kizito kwa dakika 20, chaja ikiwa imechomekwa, huku ukitazama wati. Dakika mbili za kwanza kila laptopu ni hodari. Namba itakayobaki mwishoni ndiyo kadi unayoinunua.