Pikipiki ya zamani ya kufufua: ipi ianze, ipi isubiri

Pikipiki ya kwanza ya zamani niliinunua kwa macho. Ilikuwa Yamaha DT175, tangi linang'aa, taa ya duara, nikalipa siku hiyohiyo. Ikakaa uani miezi saba nikihangaika na spea, na siku ilipowaka ilitoa moshi mweupe mpaka majirani wakatoka nje. Sili ya kranki (mpira unaozuia oili kwenye shafti kuu ya injini) upande wa klachi ilikuwa imekufa, injini inakunywa oili ya giaboksi. Sili yenyewe ni kitu cha bei ndogo, lakini kuifikia ni kufungua injini.

Ndiyo maana orodha hii haikupangwa kwa uzuri. Nimeipanga kwa swali moja: ukiinunua leo, ina nafasi gani ya kurudi barabarani ukiwa na fundi wa mtaani na maduka ya spea tuliyonayo?

1. Honda CG125

Hii naiweka juu bila kusita. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiilenga nchi ambako pikipiki ni ya kazi na sevisi huchelewa. Valvu zake husukumwa kwa vijiti, kwa hiyo hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Cheni ya nyuma, kwenye zile ambazo hazijachokonolewa, imefungwa ndani ya boksi lake, vumbi haliifikii.

Kikubwa zaidi ni ukoo. Wachina walipoanza kuunda pikipiki za 125 na 150, nyingi walizijenga juu ya injini hii, na hizo ndizo zilizojaa vijiwe vya bodaboda. Duka linalouza spea za bodaboda tayari lina vitu vingi vya kukusaidia. Ila usiende na jina tu. Beba pistoni, gasketi au sahani za klachi ulizozitoa, uzilinganishe pale kaunta, maana kuna vinavyofanana kwa macho vikagoma kuingia. Tairi hazina shida.

Kuna kitu wengi hawakijui kuhusu injini hii. Haina filta ya oili ya karatasi. Uchafu hukusanywa na kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya kranki, ndani ya kava la kulia. Unaweza kumwaga oili kila mwezi na tope likabaki humo miaka ishirini. Kwa CG yoyote unayoinunua, kazi ya kwanza ni kufungua kava hilo na kusafisha kikombe. Skrubu zake huwa zimeganda. Tumia bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, la sivyo utakula vichwa vyote. Ukishafika hapo, weka nafasi ya valvu 0.08 mm, injini ikiwa baridi.

Za mwanzo zina umeme wa volti 6 na pointi, yaani swichi ndogo ya kuleta cheche. Pointi zinarekebishika kwa dakika kumi, lakini taa ni hafifu, na mimi siiendeshi yangu usiku kwenye barabara kuu.

2. Yamaha AG100

Pikipiki ya bwana shamba na ya misheni. Injini ya mapigo mawili, ile inayochoma oili pamoja na petroli, 97 cc, gia tano, cheni iliyofunikwa, keria imara. Haina mbio, na hilo limeziokoa nyingi, kwa sababu vijana hawakuzigombania.

Kabla ya kuiwasha, uliza kuhusu pampu ya oili. Kiwandani ilikuwa na tangi la oili pembeni na pampu inayojichanganyia yenyewe. Mafundi wengi huiziba pampu hiyo na kuchanganya oili kwenye petroli. Ukiwekewa petroli tupu kwenye pikipiki iliyozibwa pampu, injini itanoki kabla hujafika mbali. Asiyejua jibu, mwambie avue bomba la oili mbele yako.

DT175 iko kwenye ngazi hii pia kwa injini, lakini hushuka nafasi moja kwa sababu nyingi zilipigishwa matope na kurushwa. Angalia boshi za swingamu, mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma: shika gurudumu la nyuma, livute kushoto na kulia.

3. Vespa PX

Kwa wa Unguja huenda hii ingekuwa ya kwanza, kwa kuwa Mji Mkongwe una mafundi walioshika Vespa maisha yao yote. Haina cheni kabisa. Gia ziko kwenye mkono wa kushoto, tairi ni za inchi 10, na ya akiba unaibeba mwenyewe. Nayo ni ya mapigo mawili, na ya kuchanganya inataka oili asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli.

Mwili wake ndio fremu yake. Hilo ndilo la kuogopa pwani. Chumvi hula sakafu kutoka chini huku rangi ya juu ikiwa nzuri, kwa hiyo ilaze ubavu, gonga kwa kidole, sikiliza. Kama gia inaruka ukiivuta mlimani, kipande cha msalaba ndani ya giaboksi kimelika. Kinabadilishika. Sakafu iliyooza ni kazi ya kuchomelea ya wiki kadhaa.

Ukiishusha kutoka Lushoto kuelekea Mombo, usiache mkono wa mafuta umefungwa kona baada ya kona. Oili huja na petroli. Ukifunga petroli umeinyima silinda oili. Vuta kidogo kila baada ya muda.

4. Honda C70

Wa ukoo wa Super Cub, pikipiki ndogo ya Honda iliyoanza 1958. Haina mkono wa klachi, ni rahisi kwa anayejifunza ufundi. Tatizo ni plastiki za mbele, zikivunjika ni taabu kuzipata.

5. Honda XL125S na XL185S

Tamu kuliko zote kwenye barabara ya vumbi, na hapa moyo wangu na orodha yangu havikubaliani. Kemshafti yake, shafti inayosukuma valvu, hukaa moja kwa moja kwenye aluminiamu ya kichwa cha silinda. Aliyewahi kuiendesha bila oili ya kutosha amekula kichwa chenyewe, na kichwa kizima ni adimu. Fungua kifuniko cha juu kabla ya kutoa hela.

BSA na Triumph za Waingereza nimeziacha nje ya orodha. Nati zake zina vipimo vyake, spana za milimita haziingii sawasawa. Kama ya babu imo bandani, itunze. Kama unanunua ya kwanza, hapana.

Karatasi sasa, na hapa sina upole. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na kadi ya usajili, au kwa Kenya na logbuku, kwa macho yako mwenyewe. Iliyotoka kwenye mradi wenye namba za DFP (za miradi ya wafadhili Tanzania), taka uthibitisho kwamba ushuru umelipwa. Mwenye kadi akiwa marehemu, unahitaji msimamizi wa mirathi, siyo mtoto mmoja aliyeshika ufunguo.

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini: ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Mulika tochi ndani ya tangi, kutu utaiona. Soma ubavu wa tairi: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi ya umri huo ni ya kutupa hata kama meno yamebaki. Ndipo upige kiki. Moshi wa bluu usioisha kwenye CG au XL ni ringi au gaidi za valvu, yaani mirija inayoziongoza. Punguza bei kwa gharama ya kukereza silinda, yaani kuichonga upya ndani.

Ukishaikereza, kilomita 500 za kwanza ni za polepole. Baada ya 50, simama, kaza nati za ekzosi na za injini, gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyolegea inatoa sauti butu.